Mawingu Hayana Deni

Muulize mwanafunzi wa Gitega mto Nili unaanzia wapi, atakujibu Rutovu, kule kusini, penye piramidi ndogo ya mawe kilimani. Wa Kigali atakuambia ni msitu wa Nyungwe. Mtu wa Jinja atanyoosha kidole kwenye maji yanayotoka Ziwa Victoria na kukuuliza unatafuta nini kingine. Wote watatu wana hoja, na nyuma ya kila jibu yupo Mzungu aliyefika na daftari, akaandika kitabu, akapata jina. Hata huyo wa Jinja, John Hanning Speke, aliyefika pale Julai 1862, safari zake zilibebwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani mpaka India na ambaye baadaye alimwongoza msafiri mwingine, Stanley, pia.

Mimi swali la chemchemi naliona kuwa ndilo lenye faida ndogo kuliko yote unayoweza kuuliza kuhusu mto. Ila katika kuligombania walijitokeza wachache waliotumbukiza ufito majini wakahesabu. Hao ndio walioacha kitu ambacho mkulima wa Muyinga na fundi wa kuchomelea vyuma wa Gitega wanaweza kukitumia leo.

Gitega na Muyinga zote mbili ni watoto wa Ruvubu. Mto huo unatoka Kayanza, unashuka, unapokea Ruvyironza si mbali na Gitega, kisha unapinda kuelekea kaskazini-mashariki na kukatiza mbuga ya Ruvubu inayogusa Karuzi, Muyinga, Cankuzo na Ruyigi. Mpakani mwa Tanzania na Rwanda unakutana na Akagera, na hatua chache mbele maji yote yanaporomoka Rusumo. Kuanzia hapo ni Kagera, ziwa, na Nili. Kwa hiyo mama anayemwaga maji ya kuoshea sahani huko Gitega anayamwaga kwenye bonde la Misri, japo Misri isitegemee sana sahani zake: Ziwa Victoria hupoteza sehemu kubwa ya maji yake kwa jua, vinamasi vya Sudd kule Sudan Kusini humeza karibu nusu ya yanayobaki, na maji mengi yanayofika Aswan hutoka Ethiopia.

Januari 1892 Oscar Baumann, Mwaustria wa miaka 27, aliondoka Tanga na msafara wa wapagazi. Septemba akaingia Burundi. Watu walimiminika barabarani wakimshangilia kwa jina la Mwezi, wakidhani ni mtu wa ukoo wa kifalme aliyerudi, ilhali Mwami aliyekuwapo, Mwezi Gisabo, wala hakujitokeza kumwona. Baumann akasimama kwenye chemchemi ya Ruvubu, akasema amefika kwenye Milima ya Mwezi aliyoiandika Ptolemy wa Alexandria katika karne ya 2, na kitabu alichokitoa mwaka 1894 kilitangaza hadi kwenye jalada kwamba alikuwa amevuka Umasaini hadi chemchemi ya Nili. Ushahidi wake ulikuwa miguu na macho.

Miaka sita baadaye alikuja daktari wa magonjwa ya akili, Richard Kandt, mzaliwa wa Posen, aliyejigharamia safari yake mwenyewe na ambaye baadaye aliuanzisha mji wa Kigali. Kandt alifika pale Ruvubu na Akagera zinapokutana akajiuliza swali ambalo Baumann hakulishughulikia: kati ya mito hii miwili, upi unaleta maji mengi? Hakukadiria kwa jicho tu. Alipima upana, akapima kina, akapima mwendo. Akagera ikashinda. Akaufuata juu hadi chemchemi ya Rukarara, ndani ya msitu wa Nyungwe, mwaka 1898.

Alichofanya Kandt kinafaa kuelezwa taratibu, maana hakihitaji shule kubwa. Chagua mahali mto ulipo mnyoofu. Vuta kamba kutoka ukingo hadi ukingo: tuseme mita 40. Pima kina kwa ufito sehemu kadhaa, utafute wastani: tuseme mita 2. Kata kipande cha mgomba kiwe chelezo chako, kitupe katikati, na uhesabu sekunde kwa simu. Kikienda mita 35 kwa sekunde 50, mwendo wake ni mita 0.7 kwa sekunde. Zidisha zote tatu, upate mita za ujazo 56 kila sekunde. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini yanayokwaruza kitanda cha mto, kwa hiyo punguza asilimia 15 hivi, ubaki na karibu 48. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, yaani mapipa matano ya lita 200. Mbele yako yanapita mapipa 240 kila sekunde. (Ukienda kujaribu Ruvubu yenyewe, kumbuka kwamba mto una viboko na mamba, na wao hawana haja na hesabu zako.)

Udhaifu wa kazi ya Kandt uko wazi. Alipima kwa siku chache, na mto wa leo si mto wa mwezi ujao. Mvua ikinyesha Gitega huku Rwanda kukiwa kukavu, ushindi unaweza kubadilika. Mwaka 1937 Mjerumani mwingine, Burkhart Waldecker, aliyekuwa amewakimbia Wanazi, akabadilisha swali lenyewe: hakutafuta chemchemi yenye maji mengi bali iliyo kusini zaidi kuliko zote, akaipata Rutovu, na mwaka uliofuata piramidi ikajengwa. Ni kweli anayosema mwanafunzi wa Gitega, ilimradi akubali kwamba ukibadilisha kipimo chemchemi inahama.

Wakati hao wakigombania mwanzo wa mto, mtu mmoja mpole alikuwa Cairo akiuhesabu mwaka hadi mwaka. Jina lake Harold Edwin Hurst. Alizaliwa mwaka 1880 karibu na Leicester, Uingereza, baba yake akiwa mjenzi wa kijijini. Aliacha shule akiwa na miaka 15, akajifunza useremala na kemia, akasoma madarasa ya usiku, na hatimaye akapenya Oxford akasomea fizikia, ingawa hisabati yake haikuwa ya kutisha. Mwaka 1906 alikwenda Misri kwa kazi ya muda mfupi. Akakaa zaidi ya miaka 60. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kupeleka saa sahihi kutoka kituo cha kuangalia nyota hadi kwenye ngome ya Cairo, ambako mzinga ulipigwa adhuhuri ili mji mzima urekebishe saa zake. Baadaye akapewa mto. Aliupanda kwa miguu pamoja na wapagazi, kwa baiskeli, kwa meli, kwa gari na mwisho kwa ndege, hadi Wamisri wakambatiza Abu Nil, baba wa Nili. Alikufa mwaka 1978 akikaribia miaka 99.

Swali alilopewa Hurst ni la kila mwenye tangi la maji: bwawa liwe kubwa kiasi gani ili lisikauke wala lisifurike? Misri ilikuwa na kitu ambacho nchi nyingine hazina. Katika kisiwa cha Roda, Cairo, kuna nguzo ya mawe yenye alama iliyosimama ndani ya kisima kilichounganishwa na mto, na kumbukumbu za kimo cha maji zinarudi nyuma hadi karne ya 7. Watawala walizitunza kwa sababu isiyo ya kisayansi hata kidogo: kodi ya mkulima ilipangwa kwa kimo cha mafuriko. Kwa mara moja nadra, mtoza kodi alikuwa akiandaa zawadi kwa wajukuu wa aliowakamua.

Njia ya Hurst ilikuwa hii. Tafuta wastani wa maji ya mto kwa mwaka. Mwaka ulioleta zaidi ya wastani, andika ziada; ulioleta pungufu, andika upungufu; endelea kujumlisha mwaka baada ya mwaka, kama mwenye duka anavyofuatilia daftari la mkopo. Umbali kati ya kilele cha juu kabisa na shimo la chini kabisa katika daftari hilo ndio ukubwa wa bwawa ambalo lingeweza kupokea ziada yote na kufidia upungufu wote.

Wanahisabati walikuwa na jibu lao tayari. Kama kila mwaka unajitegemea, mvua ya mwaka huu haijui lolote kuhusu ya mwaka jana, basi ukiongeza muda mara nne bwawa linahitaji kuongezeka mara mbili tu. Hurst akaangalia Nili, akakuta haifuati. Akaangalia mvua za miji mingine, pete za miti, matabaka ya tope chini ya maziwa, joto la hewa. Karibu kote akakuta jambo lilelile: muda ukiongezeka mara nne, bwawa linatakiwa liongezeke karibu mara mbili na robo tatu. Kwa kanuni yake, bwawa la miaka 100 lililopimwa kwa hesabu ya bahati tupu lingepungukiwa zaidi ya robo ya ukubwa linaouhitaji.

Maana yake ni nini? Ni kwamba miaka haiji ovyo. Miaka ya mvua hupenda kufuatana na miaka ya mvua, na ya ukame hufuatana na ya ukame, kwa makundi marefu kuliko ambavyo bahati peke yake ingeruhusu.

Wahandisi hawakumwamini kirahisi, naye hakuwa na kompyuta ya kuwaonyeshea. Akarusha sarafu, kumi kumi, mara nyingi ajabu, kuthibitisha kwamba sarafu kweli zinafuata kanuni ya zamani. Zikaifuata. Kisha akachukua karata. Alizichanganya, akakata moja, na tarakimu ya karata hiyo ndiyo iliyoamua fungu moja la karata lipendelee upande gani, wa ziada au wa upungufu. Akatia jokari ndani ya fungu hilo. Akaendelea kukata karata kutoka fungu lilelile lililoegemea upande mmoja hadi jokari itokee. Jokari ikitoka, anachanganya upya na mwelekeo mpya unazaliwa. Mchezo huo, tofauti na sarafu, ulitoa daftari lililofanana na la Nili. Mzee, mezani na karata, anaigiza karne za mafuriko. Kanuni yake ya bwawa aliichapisha mwaka 1951.

Mwaka 1968 mwanahisabati Benoit Mandelbrot na mwenzake Wallis walilipa jambo hili jina litakaloeleweka katika kila msikiti na kanisa la Muyinga: tabia ya Yusufu. Miaka saba ya neema, miaka saba ya njaa. Tabia nyingine wakaiita ya Nuhu, ile ya gharika moja inayopita mipaka yote. Kwa nini mbingu zina tabia ya Yusufu, wataalamu wanaendelea kubishana. Wengi huelekeza kwenye vitu vyenye kumbukumbu ndefu: bahari inayopata joto polepole na kulipoteza polepole, maziwa, maji yaliyo chini ya ardhi.

Afrika Mashariki ilitoa ushahidi wake upesi. Miaka kumi baada ya Hurst kuchapisha, mwishoni mwa 1961, mvua zilinyesha kupita kiasi, na kufikia 1964 Ziwa Victoria lilikuwa limepanda zaidi ya mita mbili. Wengi walidhani lingerudi lilikokuwa baada ya msimu mmoja au miwili. Lilibaki juu kwa miongo. Halafu likashuka sana kufikia 2006, na mwaka 2020 likapanda tena hadi kufikia kile kimo cha 1964. Aliyejenga banda lake ufukweni kwa kuangalia miaka kumi tu iliyopita alijenga ndani ya ziwa.

Sasa turudi Rusumo, pale pale Kandt alipokuwa akipima. Burundi, Rwanda na Tanzania zimejenga hapo kituo cha kufua umeme cha megawati 80, chenye mitambo mitatu, kila nchi ikiwa na fungu lake sawa. Njia ya umeme ya Burundi inaingilia pande za Muyinga na kwenda hadi Gitega. Hesabu ya umeme wa maji ni nyepesi: mita moja ya ujazo kila sekunde, ikianguka mita moja, hutoa nguvu ya kilowati 9.8, kabla hujaondoa inayopotea kwenye mitambo. Kimo cha maporomoko hakibadiliki sana. Kinachobadilika ni ujazo, na ujazo ndicho kile Kandt alichokuwa akikitafuta kwa upana, kina na mwendo, kwa ajili ya swali la fahari. Leo tarakimu hiyo ndiyo inayoamua kama fundi wa Gitega atachomelea geti au atakaa kivulini akisubiri, na kama kinyozi wa Muyinga atawasha mashine au atamwomba mteja arudi kesho.

Hapa Hurst anaingia tena, na si kwa habari njema. Kituo cha Rusumo hutumia maji jinsi mto unavyoyaleta. Hakina bwawa kubwa la kuweka akiba ya mwaka mzima, na kuna sababu nzuri: bwawa kubwa lingezamisha mashamba na makazi ya watu wengi wa mabondeni, katika nchi tatu ambazo ardhi ndiyo ugomvi wa kila familia. Mimi ningeamua hivyohivyo. Lakini asiye na akiba humpokea Yusufu moja kwa moja: mto ukidhoofika miaka mitatu mfululizo, umeme nao utadhoofika miaka mitatu mfululizo. Ni hesabu ambayo REGIDESO, shirika la maji na umeme la Burundi, na kila mwenye kufungua karakana anapaswa kuiweka mbele kabla ya kuuza jenereta.

Na mkulima? Wazee wa Muyinga na Kirundo wanaikumbuka njaa ya mwaka 2000 na ile ya 2005, mvua ilipokosa na watu wakavuka kwenda Rwanda na Tanzania kutafuta chakula. Baada ya msimu mbaya husikika maneno haya sokoni: mwaka jana imetunyima, mwaka huu lazima itanyesha. Ni maneno ya matumaini, na ni hesabu mbovu. Yangekuwa na madhara kidogo tu kama miaka ingejitegemea kama sarafu, maana sarafu iliyotua upande mmoja mara tatu haidaiwi kutua upande wa pili. Hurst anasema hali ni ngumu kuliko hiyo: baada ya miaka miwili mikavu, uwezekano wa mwaka wa tatu kuwa mkavu hupanda kidogo badala ya kushuka. Hakutabiri mwaka wowote, na anayekuambia sayansi ya Hurst inajua mvua ya Septemba ijayo anakudanganya. Kinachotoka kwenye hesabu zake ni ushauri wa namna ya kuweka akiba: mbegu za maharage zisiliwe zote kwa kutegemea kwamba miaka mibaya imekwisha kupita; mihogo, inayovumilia, ibaki shambani hata miaka ambayo mahindi yanapendeza; shamba la bondeni, la msimu wa C, yaani wa kiangazi, lisiuzwe kwa sababu tu milimani kumenyesha vizuri misimu minne. Miaka mizuri nayo huja kwa makundi, na ndiyo inayotulevya.

Kuna kitu kimoja ambacho Misri ilikuwa nacho na sisi tunacho kwa vipande. Ubishi wa Hurst ulisimama kwa sehemu kubwa juu ya nguzo ya Roda, juu ya mtu asiyejulikana aliyekwenda kila siku kusoma alama, sultani akipinduliwa au asipopinduliwa. Burundi ina IGEBU, Taasisi ya Jiografia, yenye ofisi Gitega, inayotunza vipimo vya mito na mvua, na Muyinga ina kituo chake cha hali ya hewa. Lakini vita vilivyoanza mwaka 1993 vilikatiza usomaji wa vituo vingi, na pengo katika daftari la mto halizibiki kwa fedha wala kwa mtambo mpya. Mvua ya 1995 isiyopimwa mahali fulani haitapimwa tena.

Ya leo inapimika. Kipimo cha mvua si kitu cha ajabu: kopo lenye kuta zilizonyooka, lililowekwa mbali na miti na paa, na rula. Kila asubuhi saa moja unasoma milimita, unaandika, unamwaga. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba, na hapo tarakimu inaanza kufanya kazi nyumbani. Paa la bati la mita 8 kwa 6 lina eneo la mita za mraba 48. Mvua ya milimita 20, ambayo watu wa Gitega hawaihesabu hata kuwa kubwa, huliangushia lita 960, karibu mapipa matano. Toa inayoruka na inayovuja kwenye mfereji, yabaki manne. Mwenye daftari la misimu mitatu minne anaweza kukaa na fundi wa matangi akamwambia anataka la ukubwa gani, na kwa nini anataka lizidi kidogo lile ambalo wastani ungemtosheleza.